Mshale kwenye chumba cha mitambo

Kazi yangu ni kuandika wasifu wa marehemu na kuchapa programu za mazishi. Nina duka karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na mwaka huu natimiza miaka 14 katika kazi hii. Mwezi uliopita tulimzika afisa mstaafu wa Jeshi la Wanamaji kwao Seme. Familia imenikubalia nieleze jinsi wasifu wake ulivyoandikwa, mradi nisitaje jina. Nitamwita Mzee.

Wasifu wa mtu aliyetumikia jeshi huharibikia kwenye cheo. Kaka mkubwa wa Mzee alipokuja dukani alinyoosha kidole kwenye tarakilishi akasema, "Hapo juu andika alikuwa kapteni wa meli."

"Jaduong', kapteni kwa cheo, au yeye ndiye aliyekuwa nahodha?"

Akanyamaza. Alijua mdogo wake alivaa sare nyeupe na alikuwa Mombasa. Zaidi ya hapo hakuwahi kuuliza.

Mimi huuliza kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka ya mwanzo niliandikia familia nyingine maneno hayohayo, kapteni wa meli, na siku ya mazishi wenzake wa zamani waliinamisha vichwa wasifu ulipofika hapo. Mjane aliwaona. Kosa lile lilikuwa langu, na sijalisahau.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa rasmi tarehe 12 Desemba 1964, na kambi yake kuu iko Mtongwe, upande wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Vyeo vyake ni vilevile vya jeshi la nchi kavu: Luteni, Kapteni, Meja, Kanali, hadi kamanda wao ambaye ni Meja Jenerali. Katika majeshi ya majini ya nchi nyingine, Uingereza kwa mfano, Kapteni ni mkubwa sana, karibu sawa na Kanali wetu. Kwetu Kapteni ni afisa wa ngazi ya chini, na anaweza kumaliza utumishi wake bila kuongoza meli hata siku moja. Kwa hiyo nikipata familia ya mwanamaji, naomba cheti cha utumishi kwanza, halafu nauliza: ndani ya meli alikuwa akisimama wapi? Swali hili la pili ndilo muhimu, na mara nyingi hakuna anayelijua jibu lake.

Cheti cha Mzee kilisema alistaafu akiwa Meja. Alikosimama sikupaona mpaka bintiye wa mwisho aliponiletea bahasha ya barua.

Zilikuwa za zamani, kabla ya simu za mkononi. Mzee alikuwa akienda doria wiki kadhaa, na mama alikuwa hapa Kisumu na watoto wanne. Katika kila barua, chini kabisa, alichora meli kwa kalamu ya bluu. Mlingoti, bendera, mawimbi matatu. Kisha mshale, na maneno: "Baba yuko hapa." Niliziweka barua sita mezani moja kando ya nyingine. Mshale haukuwa juu, kwenye usukani. Ulishuka chini ya mstari wa maji, nyuma, karibu na rafadha inayosukuma meli. Karatasi ilikuwa imefifia hapo tu, kwa sababu yule binti alikuwa akipagusa kila usiku kabla ya kulala. Aliniambia hivyo akiwa amepaweka kidole tena.

Mzee alikuwa mhandisi wa mitambo. Miaka yake yote ya baharini aliishi mle ndani ya meli ambamo mtu haoni bahari, ambamo kelele ni nyingi hata watu huzungumza kwa ishara za mikono. Nilipoliandika hilo kwenye rasimu, watoto wakaanza kusema mambo ambayo hawakuwa wameyaunganisha. Kumbe ndiyo maana aliongea kwa sauti ya juu hata mezani. Kumbe ndiyo maana matatu ikipita aliacha kula na kuinamisha sikio, kisha akasema gari lile halifiki Kondele, na kweli tuliikuta njiani, alisema kijana wake mkubwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile nyumba nzima ikacheka.

Vijana wa boti pale Dunga nao walinieleza lao. Injini ya boti hunyonya maji ya ziwa ili ipoe, kisha huyatema nyuma kama mchirizi mwembamba. Magugu maji yakiziba tundu la kunyonyea, mchirizi hupungua, na injini huungua ndani ya muda mfupi. Mzee alipostaafu alikuwa akikaa ufukweni jioni na kuwafundisha kuutazama mchirizi ule kila mara: ukikonda, zima, inua injini, toa magugu, ndipo uendelee. Hakuwatoza hata shilingi. Aliwakataza jambo moja tu, kujaza watu. Alihesabu abiria kwa sauti, na boti ikizidi aliwateremsha yeye mwenyewe, wazee wenzake wakiwemo.

Sababu ya hilo niliambiwa na mjane. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, wakafa 272. Mzee alikuwa kambini, na aliitwa majini pamoja na wenzake. Kamati ya mazishi ilitaka niandike aya ndefu kuhusu siku ile. Nilikataa. Mzee hakuwahi kuisimulia nyumbani, na sioni kwa nini tuisimulie kwa niaba yake mbele ya jeneza lake. Niliandika sentensi moja kwamba alikuwepo, na iliyofuata ilikuwa juu ya kuhesabu abiria Dunga.

Lugha nayo ilileta mjadala. Wazee wa Seme walitaka Dholuo. Vijana walitaka Kiingereza, ambacho ndicho hutawala programu nyingi ninazochapa. Lakini mjane ni Mrabai, na ndugu zake walikuwa njiani kwa basi kutoka Pwani, usiku na mchana. Tena nyumba ile imeendeshwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndicho walichokutana nacho yeye na Mzee. Barua zote sita ni za Kiswahili. Nikashauri kisomwe Kiswahili, na kaka mkubwa atoe shukrani kwa Dholuo. Wakakubaliana.

Usiku wa mkesha nilibaki Seme kusahihisha nakala ya msomaji. Mahema yalikuwa yametulia, kwaya imechoka. Saa kumi kamili nilimwona mjane akitoka ndani na kanga mabegani, akaenda jikoni, akawasha moto. Nikamfuata nimsaidie kuni.

"Keti, mwanangu," akasema. "Huu ni wakati wake."

Melini zamu ya alfajiri huanza saa kumi na kwisha saa mbili asubuhi. Mzee aliishika miaka mingi, na alipostaafu mwili wake haukuiacha. Kila siku aliamka saa kumi, akachemsha chai, akampelekea mkewe kitandani, kisha akakaa barazani mpaka saa mbili. Zaidi ya miaka 20, na hakuna mtoto aliyelijua, maana walikuwa wamelala.

"Naweza kuliongeza, mama?"

Alimimina vikombe viwili, akaniwekea kimoja karibu na karatasi.

"Liongeze. Na useme alikuwa anazidisha tangawizi. Nilimwambia kila siku."