Wadigo na mpaka wao: utaifa huwasha vita lini?

Nafundisha historia ya vita hapa Tanga, na kila muhula swali hili hurudi: je, utaifa ndio unaoleta vita? Wanafunzi hukimbilia Sarajevo, na wana hoja. Tarehe 28 Juni 1914 Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, akitaka Waslavi wa kusini watoke chini ya dola ile. Mwezi mmoja baadaye Austria ikaitangazia Serbia vita, na madola yenye mikataba yakaburutana. Ilipofika Novemba, meli za Waingereza zilikuwa zinashusha Ras Kazone, hapa hapa Tanga, jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi.

Ila tazameni waliouana hapa. Wahindi upande mmoja, askari wa Kiafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande wa pili. Taifa gani walikuwa wanalipigania? Walifuata mshahara na amri. Utaifa uliwasha moto Ulaya. Ukoloni ndio uliouvusha bahari mpaka kwetu. Mambo haya mawili tusiyachanganye.

Mfano unaonifundisha zaidi uko kaskazini mwa mji huu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Kilimanjaro na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Ukawapasua Wadigo: hawa Tanga, wale Kwale, Kenya. Mpaka leo mtu wa Horohoro ana mjomba Vanga. Msiba ukitokea Lunga Lunga, jamaa wa huku wanavuka kwenda kuzika, wanakaa matanga, wanarudi. Kidigo ni kile kile, koo ni zile zile. Kama kugawanywa peke yake kungetosha kuleta vita, hapa pangewaka zamani sana.

Hapakuwaka kwa sababu hakuna serikali iliyowageuza Wadigo kuwa dai. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka waliyoirithi wakati wa uhuru. Somalia ilikataa. Nyota ya bendera yake ina pembe tano, kila pembe kwa sehemu moja waliyokaa Wasomali, zikiwemo Ogaden, iliyo ndani ya Ethiopia, na kaskazini mashariki mwa Kenya. Wasomali waligawanywa na wakoloni kama Wadigo, na uchungu wao naukubali. Lakini dola yao ililijengea dai hilo jeshi, na Julai 1977 rais wake, Siad Barre, akalipeleka Ogaden. Machi 1978 lilikuwa limefukuzwa na Waethiopia wakisaidiwa na wanajeshi wa Cuba na silaha za Wasovieti.

Upo utaifa mwingine unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa hauvuki mpaka wowote: unamgeukia jirani na kumwambia si mwenzetu. Huko Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, sheria ya mwaka 1981 iliwavua uraia wengi wenye asili ya Rwanda, hata waliozaliwa hapo hapo. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawaamuru Wabanyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, waondoke ndani ya wiki moja. Rwanda ilikuwa na sababu zake za kuingia, lakini amri ile iliwapa waasi waliosaidiwa nayo watu wasio na pa kwenda. Miji ya Uvira na Bukavu, huko huko Kivu Kusini, ilianguka kabla Oktoba haijaisha.