Geti linalometa: nozeli gani, umeme kiasi gani

Mafundi wenzangu wa Unguja huniuliza sana kuhusu rangi za poda zenye kumeta, fedha na shaba (unga unaopulizwa kwa bunduki inayoutia umeme ili ushike kwenye chuma, kisha ukaokwa), ambazo wenye hoteli za Nungwi na Paje wanazipenda. Geti hutoka na mabaka, huku kiza kule kweupe, ilhali bunduki ileile jana imepaka nyeupe ya kawaida bila ya taabu.

Sababu ni vichembe vya alumini vilivyomo ndani ya poda. Ni bapa mithili ya magamba ya samaki, na rangi humeta sawasawa pale tu vinapolala kwa mpangilio mmoja. Tena alumini hupitisha umeme, poda yenyewe haipitishi. Vichembe vikijikusanya kwenye sindano ya bunduki, ile inayoitia poda umeme, cheche hutokea, na donge likichomoka hutua kwenye kazi likabaki kama kipele. Kwa hiyo simamisha kazi kila baada ya muda, uipulize nozeli (ncha ya bunduki inapotokea poda) na sindano.

Kwa grili na mageti yenye nakshi natumia nozeli ya mwanya mwembamba, kwa kuwa poda hutoka bapa na kuingia kwenye kona. Nozeli yenye kisahani mbele hutawanya wingu pana, laini. Hiyo naiweka kwa bati tupu na milango mipana. Ukianza kazi na moja, maliza nayo. Ukibadilisha katikati, vichembe vitalala vyengine na tofauti itaonekana juani.

Umeme ndipo wengi wanapozidisha. Mashine inafika kilovolti 100, basi fundi anaziweka zote. Mimi kwa rangi hizi naanza kati ya 50 na 70, na mkondo naufunga kwenye maikroampia 15 hivi, bunduki ikiwa sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye chuma. Chaji ikizidi, poda iliyokwisha kushika husukumwa kutoka ndani, ikaacha vitundu. Kwenye kona punguza zaidi, umeme na hewa pia, kwani umeme mkali hukimbilia kingo na kuiacha kona tupu.

Waya wa ardhi, unaotoa umeme kwenye geti kuupeleka chini, upime kwa mita: upinzani usifike megaohmu 1. Kulabu za kutundikia, zikiwa na rangi ya zamani inayozuia umeme kupita, zichomwe au zikwanguliwe. Na masika haya ya kwetu, hewa ya kompresa bila kikaushio huleta maji mpaka kwenye bunduki, poda ikagandana.

Poda iliyopulizwa ikakosa chuma usiirudishe kwenye ndoo, khasa ile ambayo vichembe vyake vimechanganywa tu bila kugandishwa kwenye poda. Uwiano umeshabadilika, na geti la pili halitafanana na la kwanza.

Kwa kazi zinazotazama bahari, mwambie mteja mapema kuwa bei itapanda: alumini iliyo wazi kwenye hewa ya chumvi hufifia na kufanya madoa, hivyo juu yake lazima upake koti la poda angavu, isiyo na rangi.