Bendera nyekundu ya Fort Jesus haikuwa na karafuu

Nshachoka. Desemba ikikaribia, na miezi mingine isiyo na sababu yoyote, lazima aje mtu na simu mkononi aniambie fundi, nataka ile bendera ya zamani ya Pwani, ya Sultani wa Zanzibar, kisha anionyeshe picha: kitambaa chekundu, katikati duara la kijani, ndani ya duara karafuu mbili za manjano. Juzi kaja mwingine, anataka kubwa ya kutundika ukutani kwenye mkahawa wake, na chini iandikwe Mombasa 1895 mpaka 1963. Nikamwambia bwana, kitambaa nakushonea, ila hiyo miaka sishoni, manake hiyo bendera na hiyo miaka havijuani kabisa. Akaniona mbishi. Basi wacha niyaandike hapa, atakayekuja na picha ileile namtumia linki asome kwanza ndo tuongee bei.

Ya karafuu ni bendera ya Zanzibar huru. Ilipandishwa 10 Desemba 1963 siku Mwingereza alipoiachia Zanzibar, mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, na maisha yake yakaishia hapo, mwezi na kidogo. Huku kwetu ukanda wa Pwani ulikuwa wa Sultani mpaka Kenya ilipopata uhuru 12 Desemba 1963, na mkataba wa kuuachia ulikuwa ushatiwa saini tangu 8 Oktoba mwaka huohuo, Mohamed Shamte kwa Zanzibar na Jomo Kenyatta kwa Kenya. Sasa piga hesabu. Hata ukitaka kunibishia kwa nguvu zako zote, umebakiwa na siku mbili. Siku mbili, jamani, na mtu anataka kuzitandaza zifunike miaka sitini na nane.

Na hebu fikiria karafuu zenyewe. Karafuu ni mali ya Unguja na hasa Pemba. Pwani yetu ilikuwa minazi, na mashamba ya nafaka kule Malindi. Nani angeweka karafuu kwenye mlingoti wa Mombasa?

Iliyopepea hapa miaka yote ile ni nyekundu tupu. Hamna mwezi, hamna nyota, hamna upanga, hamna maandishi. Kitambaa chekundu, pindo, kamba, basi. Na nadhani hapo ndo penye chanzo cha kosa lote, manake picha za zamani ni nyeusi na nyeupe, na bendera nyekundu isiyo na kitu ndani yake ukiiona kwenye picha kama hizo inaonekana tambara jeusi tu juu ya ukuta wa ngome, macho yanakataa kuamini kwamba hiyo ndo bendera yenyewe, yanatafuta alama. Halafu mtu anaingia mtandaoni, anakuta ya karafuu imechorwa vizuri kwa rangi, anasema ahaa, ndo hii. Imependeza, imekaa kama bendera za siku hizi, na kwa sababu hiyohiyo ilitakiwa ikupe shaka.

Nyekundu tupu wala haikuzaliwa Zanzibar. Ilikuja na Waomani, na hata wao haikuwa yao peke yao, Waarabu wa Ghuba kwa jumla walikuwa wanapeperusha nyekundu. Mwaka 1820 Waingereza walipowatilisha saini masheikh wa Ghuba mkataba wa amani ya baharini, mojawapo ya masharti ilikuwa waongeze nyeupe kwenye nyekundu yao, ndo maana mpaka leo Bahrain na Dubai ni nyekundu na nyeupe. Muscat, yaani Oman, haikuwa kwenye mkataba ule, ikabaki na nyekundu yake mpaka 1970, Sultani Qaboos alipoongeza nyeupe na kijani. Kwa hiyo mtu anaponiambia bendera ya Zanzibar ilikuwa nyekundu kwa ajili ya damu ya fulani au ushujaa wa fulani, mi nanyamaza tu. Vitabu vya shule vinapenda kila rangi iwe na maana yake, kama orodha ya bei dukani. Sioni sababu ya kuamini kwamba nyekundu ile ilikuwa na maana moja iliyokaa mahali imeandikwa. Ninachokiona kama fundi ni kwamba rangi moja iliyokoza inaonekana mbali baharini, na nahodha yeyote akichanikiwa na yake anashonewa nyingine bandari yoyote, hahitaji mchoraji.

Na baharini bendera haikuwa pambo, ilikuwa karatasi zako. Kesi maarufu ni ya majahazi ya Muscat, Waomani wa bandari ya Sur waliokuwa wanapeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue, na wengine wao walikuwa na cha kuficha, watumwa ndani. Ufaransa na Uingereza wakapelekana mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, uamuzi ukatoka 1905. Mataifa mawili makubwa yanashtakiana kwa sababu ya kitambaa nyuma ya jahazi.

Mombasa tulilijua hilo mapema zaidi. Mazrui, ukoo uliokuwa unatawala Mombasa, walipokuwa wanabanwa na Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, walitaka Mwingereza awakinge, na nahodha Owen wa jeshi la maji la Uingereza alipoingia bandarini na manowari ya Leven, Februari 1824, alikuta bendera ya Uingereza ishapandishwa, na walioishona ni watu wa hapahapa. Hii habari naipenda kuliko zote. Ile bendera si nyepesi kushona, misalaba mitatu imelaliana na ile mishazari nyekundu haikai katikati ya nyeupe yake, inasogea pembeni, mpaka leo mafundi wazima wanaikosea. Sasa kuna fundi Mombasa, mwanzo wa 1824, aliyekaa na sindano akaitoa. Owen akakubali kuwakinga, akamwacha luteni Reitz, huyu ndo wa Port Reitz, naye akafa mwaka huohuo. Kufika 1826 London imekataa, Waingereza wakaondoka, na 1837 Sayyid Said akaichukua Mombasa. Nyekundu juu.

Sasa sehemu inayonikera kupita karafuu.

Watu wanasema 1963 pale Fort Jesus ilishushwa bendera ya mkoloni ikapandishwa ya Kenya. Wanasema hivo hata watu waliosoma. Jamani, iliyokuwa inapepea pale Fort Jesus mpaka Desemba 1963 ni ya Sultani, nyekundu tupu. Na haikuwekwa kwa kumfurahisha mzee. Ilikuwa sheria. Sultani Barghash alikodisha ukanda kwa kampuni ya Mwingereza Mackinnon 1887, kampuni ikapata hati ya kifalme 1888, ikashindwa na mzigo, serikali ya Uingereza ikaingia yenyewe 1895, na mkataba wa Desemba mwaka ule ukasema Uingereza itatawala lakini ardhi inabaki ya Sultani, naye atalipwa pauni 11,000 kwa mwaka, ukitia na riba ya deni inafika 17,000. Maili kumi kutoka baharini, kuanzia mto Umba mpaka Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Ndo maana 1920 bara ilipogeuzwa koloni, Pwani haikuguswa, na jina kamili likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Watu hulisoma lote kwa mkupuo wala hawaulizi kwa nini kuna "na" pale katikati. Koloni ni bara. Himaya ni sisi.

Kwa hiyo aliyetembea Mombasa mwaka 1930 alikuwa chini ya bendera mbili kwa wakati mmoja. Ofisi za serikali zina ya Mwingereza, na ya Kenya yenyewe ilikuwa ile ya buluu yenye simba mwekundu amesimama. Ngomeni iko nyekundu. Aliyekutoza kodi ni mmoja, mwenye nchi kwa karatasi ni mwingine, na baina yao yuko liwali anayemsemea Sultani lakini mshahara wake unatoka kwa Mwingereza. Ngome yenyewe tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela. Nyekundu ya Sultani, chini yake wafungwa wa Mwingereza. Anayetaka kuielewa historia ya Pwani aanzie na picha hiyo.

Linganisha na Tanganyika. Kule Pangani Agosti 1888 Wajerumani wa kampuni walitaka bendera yao ipande mbele ya ya Sultani, liwali akakataa, wakaleta nguvu, na ugomvi ule wa mlingoti ukawa mmoja wa cheche za vita ya Abushiri, watu wa pwani ile walipowainukia Wajerumani. Baadaye Ujerumani ikamlipa Sultani maaki milioni nne ikauchukua ukanda moja kwa moja. Kule walinunua. Huku walikodi. Kule nyekundu ikaondoka, huku ikabaki mpaka wengine waliokuwa wadogo wakati ule wanaikumbuka kwa macho yao.

Kuna makundi mawili nagombana nayo hapa, na yote mawili huja dukani. La kwanza linasema nyekundu ile ni ushahidi kwamba Pwani ilikuwa nchi yake na bendera yake. La pili linasema huo wote ni uzushi, Pwani ilikuwa Kenya tu tangu zamani. La pili nalijibu kwa mkataba wa 1895 na wa 1963, huwezi kusalimisha kitu usichokuwa nacho. La kwanza ndo gumu zaidi, na hapa hata mi nasita kila ninaposema "bendera ya Pwani", manake haikuwa ya Pwani. Ilikuwa ya ukoo wa Sultani. Mdigo wa Kwale, Mgiriama wa juu ya Malindi, hata Mswahili wa Mji wa Kale, hakuna aliyeulizwa kama anaitaka. Mwaka 1961 kamishna Sir James Robertson aliletwa kusikiliza watu kuhusu ukanda, akapendekeza uungane na Kenya, na wakati ule wenye mwambao, wale wa siasa ya Pwani peke yake, walikuwa wanataka wajitenge na wengine wengi walikuwa hawataki hata kulisikia jina la Sultani. Wote hao waliishi chini ya kitambaa kimoja. Kwa hiyo bendera ile inathibitisha nani alikuwa na hati. Haithibitishi watu walitaka nini, na anayeitumia kwa hilo anaibebesha mzigo isiouweza.

Bendera ya taifa nitaipita haraka ila kwa mambo mawili. Moja, nyekundu tena. Sote tumefundishwa ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, na hiyo ndo maana ya tangu 1963. Lakini rangi hizi ni za zamani kuliko hapo, zilikuwa za KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya kabla ya uhuru, na Kenyatta mwenyewe alizieleza kwenye mkutano wa Nyeri, Julai 1952: nyeusi ni watu weusi, nyekundu ni kuonyesha damu ya Mwafrika ni rangi moja na ya Mzungu, na kijani ni nchi yenye rutuba tuliyopewa na Mungu, iko chini ya nyekundu kwa sababu imekandamizwa. Yasome tena maneno hayo. Damu ile ilikuwa ya usawa, na kijani kuwa chini kilikuwa ni lalamiko. Uhuru umekuja, kijani kiko palepale chini, maana ndo imebadilishwa. Sisemi maana ya leo ni ya uongo, nasema rangi hukaa na watu hubadilisha maneno, na ndo sababu siamini sana orodha za maana za rangi.

Pili, vipimo, kwa wanaonunua zile za kuprinti za barabarani. Gawa kimo mafungu ishirini: nyeusi sita, nyeupe moja, nyekundu sita, nyeupe moja, kijani sita. Bendera ya kimo cha sentimita 120 ni 36, 6, 36, 6, 36, na urefu 180. Nyingi zinazouzwa nyeupe imenenepa mpaka inashindana na rangi zenyewe, au mikuki imelala juu ya ngao wakati inatakiwa ipite nyuma yake. Na kwa hali yetu ya hewa angalia ile ncha ya nje, ya mbali na mlingoti, kama pindo lina mshono mmoja iache, kusi likianza hata Ramadhani haitaifikia. Nyekundu ndo itapauka kwanza, hiyo hakuna fundi wa kukuzuilia.

Za kaunti nazo, kwa vile nshaanza. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 imezipa kila moja nafasi ya kuwa na bendera yake, ili mradi isifanane na ya taifa, na nyingi zimechukua nembo nzima, na ngao na wanyama na jina la kaunti na kaulimbiu, zikabandika katikati ya kitambaa. Kwenye karatasi imependeza. Kwenye mlingoti, ukisimama upande wa pili, maandishi yote yanasomeka kinyumenyume. Ukitaka yasomeke pande zote inabidi nishone vitambaa viwili mgongo kwa mgongo na katikati nitie cha tatu cha kuzuia mwanga usipenye, na hapo bendera imeshakuwa nzito kama shuka la maji, upepo wa asubuhi hauiinui, inaning'inia tu na jina lenyewe limejikunja ndani halionekani. Wanaokaa kupanga alama hizi wamwite fundi kabla ya kupitisha mchoro, si baada.