Je, wajua? Kinachokukera kwenye hedifoni mara nyingi si sauti, ni waya

Chukua hedifoni zako za waya, zivae bila kuwasha kitu chochote, kisha ukwaruze waya kwa ukucha. Utasikia mkwaruzo mkubwa ajabu, kama mtu anaburuta meza chumba cha pili. Sasa ubane waya huo kwa vidole viwili chini kidogo ya sikio, halafu endelea kuukwaruza huku chini. Kelele inafifia, pengine inakwisha kabisa.

Jaribio hilo linachukua nusu dakika na ningependa kila mnunuzi alifanye dukani, maana wengi swali letu ni moja tu: zina besi? Besi ni nzuri. Lakini ukishalipa, unachoishi nacho ni waya. Utatembea nao, utabanana nao kwenye daladala, utavua na kuvaa mara kadhaa kabla ya jua kutua, na jioni utautoa mfukoni ukiwa kama kiota cha ndege. Hedifoni mbili zenye sauti ileile zinaweza kutofautiana kabisa hapo.

Waliowahi kucheza simu ya viberiti wameshajibu nusu ya swali. Vile viganda viwili vilivyounganishwa kwa uzi: uzi ukikazwa, unamsikia mwenzako, ukilegea, kimya, na akija mtoto wa tatu akaushika uzi katikati, kimya vilevile. Sauti ni mtikisiko, na mtikisiko husafiri vizuri sana kwenye uzi uliovutwa. Waya wa hedifoni ndio uzi wenyewe. Unaning'inia kutoka sikioni, uzito wake pamoja na wa kile kidude cha maiki unaukaza, na kila unapogusa kifungo cha shati, zipu ya koti au mkanda wa begi, mtikisiko unapanda hadi juu. Huko unakuta sikio limezibwa kwa kipira, na sikio lililozibwa hukuza kila kinachopita mwilini. Ndiyo maana ukitafuna karanga umevaa hedifoni za kuziba unasikia kama mtu anatwanga kinu kichwani mwako. Zile za mtindo wa zamani, zinazokaa mlangoni tu mwa sikio bila kuziba, hazina shida hii kwa kiwango hicho.

Sasa angalia wanamuziki wa jukwaani wanavyovaa zao. Waya haushuki moja kwa moja. Unapanda mbele ya sikio, unazunguka juu yake pale mguu wa miwani unapokaa, ndipo unashuka nyuma. Sikio limefanya kazi ya yule mtoto wa tatu: limeushika uzi. Mtikisiko unaotoka chini unaishia hapo, na kipande kinachobaki kati ya pale na hedifoni kimelegea. Faida ya pili ni kwamba mvuto nao unaishia hapo. Waya ukinaswa na kitasa cha mlango, kinachovutwa ni shina la sikio, na hedifoni inabaki mahali pake. Kwa mtu anayekimbia au kupanda bodaboda, tofauti ni kubwa kuliko ya bei.

Si lazima ununue za gharama ili uvae hivyo. Hedifoni fupi zenye umbo la risasi, hata za bei ya chini, zinageuzika. Ni zile zenye mguu mrefu unaoning'inia ndizo zinazogoma. Ukishauzungusha, pandisha kile kipete kinachoteleza juu ya maungio ya waya hadi karibu na kidevu. Watu wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kukaza ule mzunguko usiruke kutoka sikioni.

Watengenezaji wengine wameenda mbali zaidi, wameweka ndani ya sehemu hiyo ya juu kiwaya kinachokunjika na kubaki kilivyokunjwa. Mimi sikipendi. Kinakunjwa vizuri asubuhi, mchana kimeshajinyoosha, na ukiwa na miwani vinagombania sehemu moja ya kukaa. Afadhali zile ambazo mpira wake umepindishwa kiwandani kwa joto: hauna chuma ndani, unakaa laini, unasahaulika. Kwa anayevaa mtandio hesabu inageuka kabisa, kwa sababu kitambaa kimeshaubana waya kwenye shavu na shingo. Waya mwembamba ulioshuka moja kwa moja ndani ya mtandio unatosha, na zile ndoano za juu zitamuumiza bure.

Kuvaa juu ya sikio kuna gharama yake pia. Sehemu ile inakaa kwenye jasho na mafuta ya nywele kutwa nzima. Plastiki nyingi za nyaya hizi ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali, na mafuta ya ngozi huitoa kemikali hiyo taratibu. Baada ya miezi kadhaa waya ulio nyuma ya sikio unakuwa mgumu kama ukucha, wakati kule chini bado ni laini. Kama ganda lake linaonyesha ndani, utaona na shaba imegeuka kijani. Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, kwa joto na unyevu wetu, tunaiona mapema. Kitambaa chenye maji kidogo kila jioni kinasaidia. Mafuta ya nazi kwenye nywele hayasaidii.

Kuna umbo moja ambalo vijana wengi wa leo hawajalishika mkononi: upande wa kushoto mfupi, wa kulia mrefu, na ule mrefu unapita nyuma ya shingo. Sony walitoa nyingi za hivyo kwa miaka mingi. Nyingi za leo pande zake zinalingana, zinaungana kifuani kama manati. Ule mtindo wa shingoni ulikuwa na akili yake. Konda akidai nauli, unachomoa hedifoni zote mbili na zinabaki zimening'inia shingoni kama mkufu. Hazidondoki, hazivuti simu. Shida ni kwamba uzito wote unaning'inia upande mmoja, na ukigeuza shingo waya unajikokota kwenye kola. Mimi ningeurudisha sokoni leo, ingawa najua wengi waliouona mara ya kwanza walidhani kiwanda kimekosea kukata.

Kwenye zile za manati, tazama maiki imewekwa wapi. Ikiwa upande mmoja juu, kama kwenye EarPods za Apple za tangu 2012, maiki inakuwa karibu na mdomo lakini sikio la upande huo ndilo linalobeba. Ikiwa kwenye maungio, masikio yote yanapumzika na wewe unabaki unainua waya mdomoni kila ukipigiwa. Chagua kulingana na unachofanya zaidi, kuongea au kusikiliza.

Waya bapa, ule kama tambi pana, unauzwa kwa ahadi kwamba haujifungi. Ahadi ni ya kweli kwa sehemu. Waya mviringo hupinda kila upande; bapa hupinda upande mmoja tu kwa urahisi, na fundo linahitaji kupinda na kujipinda kote. Lakini ubapa huohuo unaufanya usifuate mwili. Ukigeuza kichwa unasukuma badala ya kufuata, upepo unaupiga kama bendera, na mkwaruzo wake nguoni ni mkubwa. Mezani ofisini ni mzuri, barabarani unachosha.

Waya uliovikwa kitambaa cha kusukwa una haiba. Unanikumbusha waya wa pasi ya umeme, ila pale kitambaa kina kazi ya kueleweka, kinastahimili joto. Kwenye hedifoni kinazuia waya usikunjamane ovyo, kisha kinakulipiza kwa kelele: nyuzi juu ya nguo ni kama brashi. Na kikianza kufumuka pale kwenye maungio, hakirudi.

Tuje kwenye mafundo, maana wengi tunadhani ni uzembe wetu. Mwaka 2007 Dorian Raymer na Douglas Smith wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti unaofanana na mchezo wa watoto: walitia uzi kwenye sanduku, wakalizungusha kwa mashine, wakafungua kuangalia. Walirudia mara 3,415. Mafundo yalijitokeza ndani ya sekunde chache tu, na walihesabu aina 120. Mwaka uliofuata wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Uzi mfupi kuliko sentimita 46 ni kama haukufunga fundo kabisa. Kuanzia hapo hadi mita moja na nusu uwezekano ulipanda kwa kasi, kisha ukatulia kwenye nusu kwa nusu hivi. Sasa pima waya wako: nyingi za simu ni kama mita 1.2. Zimekaa palepale pabaya.

Inavyotokea ni hivi. Waya ukitupwa mfukoni unajiviringisha pete pete, na ncha yake, kila unapopiga hatua, inapenya juu ya pete moja na chini ya nyingine, kama mkono wa msusi wa ukili. Hakuna anayeufunga, unasukwa. Jaribio lile lilionyesha pia kwamba uzi mgumu zaidi hufunga mafundo machache, na sanduku likiwa dogo zaidi mafundo yanapungua, kwa sababu ncha inakosa pa kutembea. Kwa hiyo kijaluba kidogo kina maana kuliko mfuko mpana wa begi. Zungusha waya kwenye vidole vitatu, tia ndani, funika. Usiuzungushe kwenye simu pini ikiwa imechomekwa, utaivunja shingo.

Na shingo ya pini ndiyo inayoua hedifoni nyingi kabla sauti haijachoka. Aliyewahi kukata waya wa kufungia nondo bila koleo anajua: unaukunja mbele nyuma, mbele nyuma, unakatika. Ndani ya waya wa hedifoni shaba imegawanywa kuwa vinyuzi vyembamba sana, kwa kuwa kinyuzi chembamba hukunjika mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, na katikati huwekwa nyuzi za kitambaa kigumu zibebe mvuto. Kila kinyuzi kimepakwa vanishi kisigusane na jirani. Ndiyo maana fundi simu huuchoma kwanza kwa moto kabla ya kutia lehemu. Bila hivyo lehemu haishiki. Ukimwona anakwangua tu kwa wembe, usiondoke kabla hujasikiliza pande zote mbili.

Pini iliyonyooka, simu ikiwa mfukoni, inakuwa wenzo: ukikaa, paja linausukuma waya na mkunjo wote unaangukia sehemu moja. Pini yenye kiwiko inaulaza waya kando ya simu. Ila kava likiwa nene, kiwiko hakiingii hadi mwisho na utasikia upande mmoja. Zile za bei juu waya wake unachomoka kwenye hedifoni, kwa hiyo ukifa unanunua waya peke yake. Raha yake utaijua siku hiyo.

Basi kwa nini wasiufupishe tu, uwe wa sentimita 46 na mafundo yaishe? Hautafika mfukoni, hilo la kwanza. La pili ni redio. Simu nyingi zenye redio ya FM hukuambia uchomeke hedifoni kwanza, kwa sababu waya huo ndio antena yake. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antena nzuri ya kawaida ni robo ya hapo, sentimita 75. Waya wa hedifoni unaupita urefu huo kwa nafasi, ilimradi umenyooka.

Nilijifunza hilo siku nilipochoka na waya unaoning'inia. Nikaukunja wote, nikaufunga kwa mpira wa kufungia noti, nikatia mfukoni kusikiliza mpira. Dakika za mwisho redio ikaanza kukoroma. Nikafungua ule mpira haraka, waya ukaanguka hadi magotini, na mtangazaji akarudi akiwa anapiga kelele za goli lililokwisha kuingia, huku kifungo cha shati kikimkwaruza juu kwa juu.