Usiku wa kuamkia mtihani hauamshi kipaji

Kila mitihani ikikaribia, kwenye magrupu ya wazazi hapa Tanga hurudi ujumbe uleule: mwenye akili hasomi mapema, presha ya usiku wa mwisho ndiyo inayomzamisha kwenye masomo. Si kweli.

Kule kuzama katika kazi mpaka ukasahau saa, hali ambayo wanasaikolojia wameichunguza tangu miaka ya 1970, huja swali linapolingana na uwezo wako, lengo likiwa wazi, na unaona papo hapo kama umepatia. Hofu ya kushindwa huvuruga hayo. Nusu ya akili iko kwenye hesabu, nusu inajiuliza, "Nikifeli watanionaje?"

Hapo ndipo kisingizio huzaliwa. Fikiria binti wa Ngamiani: daftari liko wazi ukurasa wa milinganyo, anainuka kupanga kabati, anarudi, anashika simu. Akifeli, atasema ni kwa sababu hakusoma; akifaulu, ataonekana ana kipaji. Tabia hii ya kujiwekea kikwazo ilipewa jina mwaka 1978, na mara nyingi chanzo chake ni kujitilia shaka. Tunapomwita mvivu tunamwonea.

Watu huchanganya presha na kule kuzama kwa sababu presha kweli huchangamsha mwili, na waliofaulu hivyo husimulia. Waliofeli hunyamaza.

Jipime mwenyewe: maswali kumi leo mchana, simu ikiwa chumba kingine, mengine kumi ya kiwango hicho usiku wa manane, kwa haraka. Linganisha uliyopatia.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mtoto ataupokea kama ruhusa ya kufunga daftari.