"Wenzetu Wameshahalalisha Bangi": Maoni ya Watu Yanabadilika, Sheria Yetu Inasemaje?

Kila inapokaribia Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, maofisa wa taasisi yetu, inayosimamia sheria ya dawa za kulevya Tanzania Bara, huzunguka vyuoni, stendi na kwenye mabanda ya maonesho kutoa elimu. Miaka ya nyuma tuliulizwa zaidi kuhusu heroini na waraibu wake. Siku hizi swali la kwanza, na mara nyingi la pili na la tatu pia, ni hili: "Mbona wenzetu wameshahalalisha bangi, sisi tunangoja nini?" Muuliza swali anakuwa na simu mkononi, na kwenye simu kuna habari ya Marekani, Kanada au Ujerumani.

Tunaamini wengi huuliza kwa nia njema. Tatizo ni kwamba wapo wanaoichukua habari hiyo kama ruhusa. Wazazi wanaofika ofisini baada ya kijana kukamatwa hutueleza kuwa kijana wao "alisikia imesharuhusiwa". Kwa hiyo makala hii inagusa mambo mawili: maoni ya watu duniani yamefika wapi, na mtu aliye Tanzania Bara leo anasimama wapi kisheria. Si ushauri wa kisheria kwa kesi ya mtu yeyote. Mwenye kesi amwone wakili.

Tuanze na lililo kweli. Maoni yamebadilika sana, hasa Marekani. Kampuni ya Gallup ilipowauliza Wamarekani mwaka 1969 kama matumizi ya bangi yahalalishwe, asilimia 12 tu ndio waliokubali. Mwaka 2023 waliokubali walifika asilimia 70. Majimbo ya Colorado na Washington yalitangulia kuruhusu bangi ya starehe kwa kura ya wananchi Novemba 2012, na leo majimbo 24 pamoja na mji mkuu, Washington DC, yameiruhusu. Hatuna sababu ya kuzificha takwimu hizo.

Ila takwimu za maoni zinataka kusomwa na swali lake. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani haohao Januari 2024, lakini kikawapa majibu matatu ya kuchagua. Asilimia 57 walisema iruhusiwe kwa matibabu na kwa starehe, asilimia 32 wakasema kwa matibabu peke yake, asilimia 11 wakasema isiruhusiwe kabisa. Wote walioona iruhusiwe kwa namna fulani ukiwajumlisha unapata karibu tisa katika kila kumi. Wanaoitaka ya starehe ni wachache zaidi ya hapo. Mtu anayepeperusha ile "asilimia 90" kwenye mitandao huku akizungumzia msuba wa kijiweni, ama hakusoma swali au alilisoma akaamua kulinyamazia.

Jambo la pili ni kwamba wingi wa maoni na sheria haviendi sambamba kama watu wanavyodhani. Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo la Florida walipigia kura pendekezo la kuruhusu bangi ya starehe. Karibu asilimia 56 walisema ndiyo, na pendekezo likaanguka, kwa sababu katiba ya jimbo hilo hudai asilimia 60. New Zealand waliulizwa nchi nzima mwaka 2020: asilimia 48.4 walisema ndiyo, asilimia 50.7 wakasema hapana, na sheria ikabaki ilivyokuwa. Uruguay ilikwenda kinyume. Ilipohalalisha bangi mwaka 2013, uchunguzi wa maoni ulikuwa unaonesha wananchi wengi wanapinga, na Bunge likapitisha hivyohivyo. Afrika Kusini hawakupiga kura yoyote. Ni Mahakama ya Katiba iliyoamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayetumia au kupanda bangi faraghani kwa matumizi yake asitiwe hatiani, kwa msingi wa haki ya faragha. Kununua na kuuza hadi leo ni kosa huko, na sheria iliyosainiwa Mei 2024 haikufungua maduka. Tunakutana na vijana waliorudi Johannesburg wakiapa kwamba "kule inauzwa kihalali". Kuiona ikiuzwa hakuthibitishi kuwa ni halali. Hata Kariakoo utaona mengi.

Ujerumani nayo huhadithiwa nusu. Tangu Aprili 1, 2024 mtu mzima anaweza kutembea na gramu 25 na kupanda miche mitatu nyumbani, lakini haruhusiwi kuingia dukani kununua ya starehe. Inapatikana kwa vyama vya wanachama vyenye leseni. Na Thailand, iliyoiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya mwaka 2022 yakafunguliwa maelfu ya maduka, iligeuza mwelekeo mwaka 2025 na kudai cheti cha daktari kwa kila anayenunua. Waliotutumia picha za maduka ya Bangkok mwaka 2022 hawakututumia habari hiyo ya pili.

Sasa hili la Umoja wa Mataifa. Tumelieleza redioni, kwenye semina na kwenye vipeperushi, na bado linarudi: "UN wameshatoa bangi kwenye dawa za kulevya." Hapana. Desemba 2, 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilikutana Vienna na kupiga kura juu ya pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Kura 27 ziliunga mkono, 25 zikapinga, moja haikuegemea upande. Kilichoamuliwa ni kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne la Mkataba wa mwaka 1961, jedwali la dawa zinazohesabiwa kuwa na madhara makubwa na manufaa kidogo ya tiba. Ikabaki Jedwali la Kwanza, ambamo pia zimo heroini na kokeini. Maana yake ni kurahisisha utafiti na matumizi ya kitabibu, na nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, bado zina wajibu wa kuidhibiti. Naomba swali hili mwaka huu lipumzike.

Kwa majirani zetu mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu habari zao zinatufikia kwa Kiswahili na kwa haraka. Kenya mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kilimo cha bangi kwa ajili ya kuuza nje. Mikutano yake ilivuma hadi vijiweni kwetu. Kwenye sanduku alipata kura 61,969, chini ya nusu ya asilimia moja. Sisemi kwamba kura hizo ni kipimo cha maoni ya Wakenya kuhusu bangi, maana urais una mambo mengi. Nasema kelele za mitandaoni nazo si kipimo.

Uganda kuna funzo la aina nyingine. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria yao ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Watu walishangilia kuwa bangi na mirungi sasa ni huru. Agosti mwaka huohuo Bunge likaipitisha upya. Aliyewekeza shambani katikati ya miezi hiyo alijitafutia matatizo.

Rwanda na Malawi zimeruhusu kilimo chini ya leseni. Rwanda ilitoa utaratibu wake mwaka 2021 kwa ajili ya zao la dawa linalouzwa nje. Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020 kwa matibabu na viwanda. Katika nchi hizo zote mbili mkulima aliyepata leseni halimi kwa ajili ya kijiwe, na raia anayevuta kwa starehe bado anakamatwa. Hoja ya zao la biashara imewahi kusikika hata katika Bunge letu, na ni hoja inayojadilika. Lakini haihusiani na ile ya "tuachieni tuvute". Anayezichanganya huwaharibia hata wale wenye hoja ya uchumi.

Kuna pia hoja ya pombe na sigara: mbona hizo ni halali? Swali lina uzito wake. Mahali pake ni kwa watunga sheria. Sisi tunasimamia sheria iliyopo.

Na sheria iliyopo ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2017. Bangi ni mmea uliokatazwa. Mirungi pia, hata kama ng'ambo ya mpaka Namanga inauzwa hadharani. Kosa ambalo hati ya mashtaka huliita kusafirisha ni pana kuliko wengi wanavyofahamu: ndani yake kuna kuingiza, kutoa nje, kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, kumiliki, kuzalisha na kusambaza. Hahitajiki mtu kuwa na lori. Aliyemtunzia rafiki begi chini ya kitanda, au aliyempelekea mwenzake kifurushi kwa bodaboda, anaweza kushtakiwa kwa kosa hilohilo. Adhabu ya kusafirisha ni kifungo cha maisha. Pale uzito usipozidi kiwango kilichowekwa na kifungu cha 15A, ni kifungo cha miaka 30. Kulima ni miaka 30, na kifungu cha 11 kinamgusa pia mwenye shamba au msimamizi anayeruhusu ardhi itumike. Kwa hiyo wanaokodisha mashamba milimani bila kwenda kuyatazama wajue hilo. Mali iliyotumika katika kosa, gari au pikipiki, inaweza kutaifishwa.

Kipo kifungu cha 17 kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe, na adhabu yake ni nyepesi zaidi. Hiki ndicho kifungu kinachotajwa sana vijiweni, na kinatajwa vibaya. Kuwa kilikuwa cha matumizi binafsi ni jambo la kuthibitishwa, halidhaniwi tu. Na adhabu nyepesi bado ni hatia, nayo inabaki kwenye kumbukumbu zako utakapoomba kazi.

Utaratibu wenyewe unakwenda hivi. Ofisa anapopekua anatakiwa awepo shahidi huru, mara nyingi mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Kinachokamatwa kinaandikwa kwenye hati ya ukamataji mali, ambayo mtuhumiwa, shahidi na ofisa wanaisaini. Isome kabla ya kusaini, na kama hujui kusoma omba usomewe. Ni haki yako. Kielelezo kinafungwa kwa lakiri, kinakabidhiwa kwa mtunza vielelezo, kisha kinapelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Huko kinapimwa uzito na kuthibitishwa kama ni bangi. Kila mkono kilikopita unaandikwa, kwa sababu kesi nyingi hupandia au kuangukia hapo. Uzito huo ndio unaoamua kifungu cha mashtaka, na ndio unaoamua hata suala la dhamana. Kusafirisha ni kosa la uhujumu uchumi, hivyo mahakama ya chini haiwezi kuisikiliza kesi hadi Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Ndugu wanaolalamika kwamba "kesi inapigwa tarehe" mara nyingi wanasubiri ama ripoti ya mkemia, ama kibali hicho. Ucheleweshaji unaudhi, tunaelewa, lakini hauna maana kwamba kuna mtu anasubiri kupewa kitu. Akitokea wa kukuomba kitu, toa taarifa TAKUKURU.

Niseme kidogo na Watanzania walioko nje na wageni wao. Pipi, biskuti na mafuta ya bangi vinavyouzwa kihalali Denver au Toronto vikitua uwanja wa Julius Nyerere ni dawa za kulevya kama zilivyo nyingine, na risiti ya duka haikuokoi. Inathibitisha tu kuwa ulijua unabeba nini. Hata huko Marekani, ruhusa ni ya jimbo. Sheria ya shirikisho haijaruhusu bangi ya starehe, na masuala ya uhamiaji yako chini ya shirikisho. Asiye raia anayekiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba ametumia bangi anaweza kunyimwa viza au ukaazi, hata kama aliitumia katika jimbo linaloiruhusu. Wanafunzi wanaokwenda kusoma walisikie hili kabla ya kupanda ndege.

Anayeamini kwa dhati kwamba sheria yetu ibadilishwe hatendi kosa kwa kuamini hivyo wala kwa kusema. Kutoa maoni kuhusu sheria ni jambo moja, kutangaza mtandaoni wapi msuba unapatikana na kwa bei gani ni jingine. Maoni yana njia yake. Serikali au mbunge binafsi huandaa muswada, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, kisha unapelekwa kwenye kamati ya Bunge. Hapo kamati huita wadau na wananchi kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi, kupitia Ofisi ya Bunge, Dodoma. Baadaye unasomwa mara ya pili na ya tatu, na unakuwa sheria Rais akiusaini. Taasisi yetu haina hatua hata moja ya kura katika safari hiyo. Tunaitwa kutoa utaalamu kama wadau wengine. Kwa hiyo barua za kutuomba "turuhusu" zinakosea anwani.

Walioko Zanzibar wafahamu kuwa wana sheria yao na mamlaka yao ya udhibiti, na vifungu nilivyovitaja hapa ni vya Tanzania Bara. Mwenye ndugu anayetaka kuacha asingoje hadi akamatwe: aanzie kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Dawa ya methadoni inayotolewa kliniki ni kwa waraibu wa heroini na jamii yake, si kwa bangi, kwa hiyo msiwapange foleni vijana wa bangi kwenye dirisha hilo.