Spektrometria ya masi ni nini, na inahusiana vipi na moyo?

Spektrometria ya masi ni mbinu ya kutambua molekuli kwa kupima uzito wake. Katika utafiti wa maradhi ya moyo, anayeshika kazi hiyo mara nyingi ni mwanabiokemia. Yeye hamsikilizi mgonjwa mapigo; hupokea damu kidogo au kipande cha msuli wa moyo, pamoja na swali: humu mna nini hasa?

Molekuli haiwekwi kwenye mizani. Hupewa kwanza chaji ya umeme, ikawa ioni, kisha husukumwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Katika aina moja ya mashine hizi, ioni nyepesi hufika mapema na nzito huchelewa, na muda huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kwa usahihi zaidi, kinachosomwa ni uwiano wa masi kwa chaji.

Francis Aston aliunda chombo cha namna hii Cambridge mwaka 1919, lakini kwa miongo mingi protini hazikupimika vizuri kwa sababu zilivunjika kabla hazijaruka. Mwaka 1985 Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu nchini Japani, alichanganya kwa bahati mbaya gliserini na unga laini wa kobalti. Akaona ni hasara kuutupa, akaujaribu hivyo hivyo, na molekuli kubwa zikaanza kuruka nzima zilipopigwa leza. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa washindi wa Nobeli ya kemia, pamoja na John Fenn wa Marekani, aliyefikia lengo hilo kwa kunyunyizia matone yenye chaji.

Tuje kwenye moyo. Seli za msuli wake zinapokufa, protini iitwayo troponini huvujia kwenye damu. Kipimo cha hospitali huinasa kwa kingamwili na kusema ipo kiasi gani. Ni cha haraka, na kwa mtu mwenye maumivu ya kifua hicho ndicho kinachofaa. Ila hakisemi troponini hiyo iko katika hali gani. Ikibandikwa kundi moja la fosfati, uzito wake hupanda kwa takriban dalton 80 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na spektromita, yaani mashine yenyewe, huiona tofauti hiyo. Si jambo dogo: fosfati kwenye troponini I, mojawapo ya aina za troponini, husaidia msuli wa moyo kulegea upesi baada ya kila pigo.

Mbinu hii pia hukamata vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivitafuta. Watafiti wa Cleveland Clinic, kundi la Stanley Hazen, walilinganisha damu ya watu waliopatwa baadaye na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo na ya wale waliosalimika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Namba tatu za uwiano wa masi kwa chaji ziliendelea kujitokeza: 76, 104 na 118. Mwanzoni zilikuwa namba tu, hazina jina. Ndipo kazi ya biokemia ikaanza, na zikajulikana kuwa za kemikali tatu: TMAO, kolini na betaini. Bakteria wa utumbo huibadilisha kolini ya chakula kuwa gesi, na ini huigeuza gesi hiyo kuwa TMAO. Kama TMAO yenyewe ndiyo inayodhuru mishipa, au ni dalili tu ya jambo jingine, bado wanabishana. Mimi nisingebadili mlo wangu kwa sababu ya namba hiyo pekee.

Sehemu kubwa ya kazi hii, kwa kweli, ni kusafisha na kushuku. Albumini peke yake ni zaidi ya nusu ya protini zote za utegili (majimaji ya damu), na huzifunika zile adimu zinazotafutwa. Halafu kuna keratini, protini ya ngozi na nywele. Asiyevaa glavu anaweza kupata orodha ndefu ya kupendeza, kumbe anasoma ngozi yake mwenyewe.

Mahali ambapo mbinu hii imeshatoka maabara ya utafiti na kuingia katika tiba ni amiloidi ya moyo, yaani protini iliyojikunja vibaya ikajazana kwenye msuli hadi moyo ukakakamaa. Kwa hadubini, aina zake hufanana mno. Kwa hiyo eneo lililoathirika hukatwa kwa leza, protini zake hukatwakatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, na spektromita husoma vipande. Zikionekana protini za kingamwili kutoka uboho, mgonjwa huhitaji dawa za kuangamiza seli zinazozitengeneza, zikiwemo dawa za saratani. Ikionekana transithiretini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ini, dawa hizo zingemuumiza bure. Yeye hupewa dawa kama tafamidisi, inayoizuia protini hiyo isitengane vipande na kujikunja vibaya.